Mwalimu Aliyeshika Mshipa Kabla ya Kuuliza

Mtu akikushika mkono na asiuachie, mjini kwetu una haki ya kujiuliza anatafuta nini. Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa anashika. Hakushika kiganja kama watu wanaosalimiana. Alishika pale chini ya kidole gumba, kwenye mshipa, akaitazama saa yake yenye mkanda uliochanika, midomo ikicheza kidogo kama ya bibi anayesali rozari. Kisha anakuachia, anatoa kijitabu chenye jalada la kijani mfukoni mwa shati, anaandika. Akishaandika anakunja mikono kama mtu anayesikia baridi, kidole kikiwa kimezama ndani ya mkono wa shati, anakaa kimya, halafu anaandika tena.

"Hapo anaongeza shitaka la pili," alikuwa akisema Masanja.

Ukimchungulia, anafunika kwa kiganja.

Jina langu nadhani liliingia katika kijitabu kile mara nyingi kuliko la mwanafunzi mwingine yeyote. Tena kuna siku moja nafasi yangu ya kubaki shule ilikuwa mle ndani, nami sikujua imeandikwa nibaki au niende. Ndiyo maana namwandika na mimi. Zamu yangu kumchungulia.

Alikotoka hakutuambia, na hatukumuuliza kwa sababu tulikuwa tumeshajijibu. Masanja, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, ambaye wazazi wake walihamia upande wa Milepa na ng'ombe wao na yeye akaachwa kwa shangazi yake pale kwetu Izia, Sumbawanga, aliamini kuwa Mwalimu ni mpelelezi.

"Huyu ni mnoko wa kiwango cha taifa," aliniambia wiki ya kwanza tu. "Anakusanya majina, Ijumaa anampelekea Mkuu."

"Mbona Ijumaa hakuna anayeitwa?"

"Ndiyo ujue ana mpango mrefu."

Mtu wa aina ya Masanja huwezi kumshinda. Kukiwa na ushahidi, anasema umeona. Usipokuwepo, anasema umefichwa. Lakini nikiri kwamba hata mimi sikumwamini yule mzee. Hakuwa mzee sana, ila alikuwa amechakaa mapema, kama daftari la mtu anayelala juu yake. Hakuwahi kucheka. Mimi nimecheza vichekesho mbele ya maaskari, mbele ya padri, hata mbele ya nesi mwenye sindano mkononi, na wote walicheka. Yeye alinitazama tu, akanyoosha mkono kuomba wangu.

Nyumbani nilimsimulia Mama. Mama yangu ana tabia ya kujibu huku akipepeta maharage, hakutazami.

"Nilimwona siku ya kikao cha wazazi," alisema. "Ana macho ya mtu anayesikia kitu."

"Kitu gani?"

"Ningekisikia na mimi ningekuambia."

Somo lake moja sitalisahau hata nikizeeka nikaota mvi za masikioni. Lilikuwa somo la homoni. Aliingia, akaweka chaki mezani, akatuambia juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia ndogo. Hofu ikiingia kwa macho au masikio, ubongo unazipelekea kofia zile habari, nazo zinamwaga. Inatangulia adrenalini, yenye haraka kama bodaboda wa stendi. Nyuma yake inakuja kotisoli, taratibu, lakini ikifika inavua viatu na kukaa.

Halafu akatoka nje, akafunga mlango, akagonga.

"Hodi!"

Darasa kimya.

"Hodi!"

"Mchele umeisha, jaribu kwa jirani!" nikapaza sauti kutoka nyuma. Darasa likaanguka kwa kicheko.

Akafungua. Hakuna hata mkunjo wa tabasamu. "Umeitikia vibaya, lakini umeitikia. Huyo anayeitikia ndiye kipokezi. Homoni yenyewe haina kazi nyingi, inabisha hodi tu. Neno ni nani yuko ndani wa kusema karibu. Vipokezi vya kotisoli vimejaa ubongoni, hasa pale panapotunza kumbukumbu. Vikishaitikia, vinapeleka ujumbe huko juu: mgeni amefika, msilete mwingine. Mwili unatulia."

Akatoka tena. Safari hii alibisha mpaka tukakoma. Hodi ya kwanza tuliitikia kwa pamoja, kwa fujo. Ya tano wakaitikia wa mbele. Ya kumi aliitikia msichana mmoja mwenye adabu zake. Zilizofuata hakuna. Tukawa tunachora, tunasukana, Masanja anakula karanga. Nje sauti inaendelea: hodi, hodi, hodi. Mkuu wa shule akapita kwenye veranda.

"Mwalimu, wamekufungia nje?"

"Hapana, Mkuu. Nafundisha."

Akaingia, akafuta jasho. "Mmejiona? Mgeni akibisha kila siku, mwenyeji anachoka, anaacha kuitikia. Na asipoitikia, huko juu hawajui kama mgeni amefika. Wanaleta mwingine. Na mwingine. Mtu wa namna hiyo halali vizuri, hasahau anachotaka kusahau, hakumbuki anachotaka kukumbuka. Asubuhi anagombana na kijiko."

Masanja akaniinamia sikioni. "Hapo anamsema nani?"

Sikujua. Ila niliona alivyosimama: mgongo ukutani, macho mlangoni. Alifundisha hivyo siku zote. Hata akiandika ubaoni aliandika kwa ubavu, kama kaa.

Misemo yake ilikuwa hivyo hivyo, ya mwilini tupu. Ukichelewa kujibu alisema, "Usimharakishe, damu yake imeenda miguuni." Wawili wakipigana alisema, "Waachanisheni kwanza figo." Na ule mkubwa kuliko yote, ambao tuliuandika hata kwenye mlango wa choo: "Swali likimkuta mtu juu, linajibiwa na figo."

Kwa sababu ya msemo huo hakuwahi kumchapa mtu wala kumhoji papo hapo. Walimu wengine walikuwa na utaratibu unaoeleweka, fimbo kwanza, maelezo baadaye. Yeye alikupeleka nyuma ya maabara kwenye shamba la shule, akakupa jembe, akakuagiza matuta matatu. Si matuta marefu ya mahindi. Intumba, yale ya mviringo ya kwetu: unafyeka nyasi, unazirundika, unageuza udongo juu yake mpaka nyasi zifunikwe zote, unaziacha zioze ndani. Kila bibi wa Ufipa anayajua. Ukimaliza anakuja, anashika mshipa, anahesabu. Kama moyo bado unakimbia, tuta la nne. Ukishatulia, ndipo anauliza.

Hapo ndipo nilipomshuku kuliko wote. Aliyechukua betri za redio ya shule alikiri kwenye tuta la pili, hata hajaulizwa. Fimbo inauma, lakini ukichapwa unasema chochote ili iishe. Tuta linakufanya usahau kujilinda. Unavuta pumzi, unanusa udongo, unamwona mtu mtulivu na kijitabu chake, mdomo unafunguka wenyewe. Niliwaonya wenzangu, "Jamani, huyu anatulainisha kama ngozi ya ngoma."

Na mtu aliyehubiri utulivu namna ile, mwenyewe hakuwa nao. Alituambia kahawa inaiamsha hofu iliyolala, naye alitembea na chupa ya kahawa nyeusi. Alituambia mtu asikae na wasiwasi peke yake, naye chakula cha mchana alikula ndani ya maabara, na mlango ameufunga kwa ufunguo, na kisha ameutikisa mara tatu kuhakikisha. Alituambia mwili hausemi uongo. Halafu mvua ikianza anatudanganya mchana kweupe.

Sasa tufike kwenye mvua.

Wingu likitanda juu ya milima ya Mbizi, Mwalimu anabadilika rangi. Anatupa zoezi lolote, hata la kuchora panzi tuliyemchora jana, anasema anakwenda kuhesabu mabeseni ya stoo. Anaingia stoo ya maabara, anajifungia. Ngurumo zikiisha anatoka, paji la uso limelowa, na nje kwenye mvua hakufika. Ni mabeseni mangapi yale ambayo hayahesabiki msimu mzima?

Mnajua nchi nzima inavyotutania watu wa Sumbawanga. Ukisema unatoka huku, mtu anatazama angani, eti tunarusha radi. Kwa hiyo hatukuhitaji msaada kufika tulikofika. Na siku radi ilipompiga mbuzi wa jirani wa shule huku Mwalimu yuko stoo, kesi ikafungwa.

"Kaingia stoo, mbuzi kafa," alisema Masanja. "Wafipa nyie, mnataka ushahidi gani tena?"

"Usitusingizie wote. Mjomba wangu hata jiwe hawezi kurusha likavuka barabara."

"Wa kwenu wanafunzi. Huyu ni profesa."

Nilicheka, lakini sikulala nalo vizuri. Mtu anatushika mishipa, anaandika namba, anajifungia mvua ikija. Namba za nini? Kwa nini mshipa? Nikawaza sana, na mimi nikiwaza sana huwa natengeneza jambo la kijinga. Nikajiambia tufanye jaribio, si ndiye anayetufundisha majaribio? Mwenye mbwa hashtuki mbwa wake akibweka. Kama radi ni yake, ngurumo haitamtisha. Akishtuka, si yake. Hata leo nikiitazama hoja yenyewe sioni kosa lake. Kosa lilikuwa kwenye vifaa.

Nyuma ya maabara kulikuwa na bati refu la banda la kuku lililovunjwa. Ukilishika ncha mbili ukalitikisa, linanguruma vizuri kuliko mawingu. Nikasubiri siku ya wingu zito lisilo na mvua bado. Masanja nilimwambia, akasema yeye ni mgeni katika wilaya hii, hataki mambo yetu. Nikaenda peke yangu. Nikalitikisa kwa nguvu zangu zote.

Ndani kikasikika kishindo, halafu kioo.

Nilichungulia dirishani. Hadubini ya shule, ambayo ilikuwa moja tu na tulikuwa tunaishika kwa zamu kama mtoto mchanga, ilikuwa sakafuni, lenzi zimetawanyika. Mwalimu alikuwa chini ya meza. Amekunja magoti, mikono juu ya kichwa, macho ameyafumba. Alikuwa anatetemeka namna ambayo sijawahi kumwona mtu mzima akitetemeka.

Nami nikacheka.

Haikuwa inachekesha. Nataka mjue hilo. Ila kicheko changu huwa kinakuja wakati wake, si wangu. Babu alipozikwa nilicheka kaburini mpaka nikatolewa kwa kofi. Mwalimu wa zamu alinikuta pale nyuma ya maabara, bati miguuni, meno nje.

Niwaeleze hali yangu ilivyokuwa. Nilikuwa kidato cha tatu na tayari nilikuwa na barua moja ya onyo, kwa kumvalisha mbuzi tai ya shule siku ya wakaguzi. Barua ya pili ilikuwa ya kuaga. Mama aliuza shamba la ukoo upande mmoja ili nisome, na alikuwa amewaambia majirani wote wa Izia kwamba huyu mchekeshaji atakuwa daktari. Sasa nimesimama mbele ya Mkuu.

"Ni nani aliyetikisa bati?"

Nilitaka kusema upepo. Nilifungua mdomo, kikatoka kicheko.

"Unanicheka?"

Nikatikisa kichwa. Kikatoka kingine, kikubwa zaidi.

"Barua naiandika leo," alisema Mkuu, na kwa kweli alikuwa ameshafungua kalamu. "Kesho saa nne mzazi wako awe hapa, kamati itakaa. Kucheka utachekea kwenu."

Mlango ukafunguka. Mwalimu wa Baiolojia aliingia, uso wa majivu, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu. Bila salamu akanishika mshipa. Akahesabu. Akaandika. Akakunja mikono, akanyamaza, akaandika tena.

"Mkuu, naomba nimchukue kwanza."

"Umpeleke wapi?"

"Shambani."

"Mwalimu! Hadubini imevunjika, huyu kijana anatukenulia meno, wewe unawaza matuta?"

"Swali limemkuta juu, Mkuu."

Alitoa majembe mawili. Hilo halikuwahi kutokea. Akafyeka nyasi zake, akajenga tuta lake kando ya langu, na kidole kinavuja. Alilima kama mtu anayezika kitu. Nilimtazama kwa jicho la pembeni, nikipanga majibu. Akiuliza ni nani, nasema upepo. Akiuliza nani mwingine, nasema sikuona. Nilikuwa na uongo wa kutosha wiki nzima.

Tuta la tatu likaisha. Akashika mshipa. "La nne," akasema. Tukapiga la nne. Akashika tena, akaandika, kisha akauliza, na hakuuliza lile nililolitayarishia.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Kwa swali hilo sikuwa na uongo hata mmoja.

"Nilitaka kujua kama unarusha radi, Mwalimu."

Akalaza jembe chini. "Na umepata jibu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hurushi."

"Kwa hiyo bati ulitikisa wewe."

"Ndiyo."

Penseli ikakwaruza karatasi. Ndipo nilipozinduka. Nimekwisha. Nimelainishwa na mimi, kwenye tuta la nne, mimi niliyewaonya wenzangu.

Jioni nilimweleza Mama yote. Aliendelea kupepeta.

"Umemwambia kwa mdomo wako?"

"Ndiyo."

"Akaandika?"

"Akaandika."

"Basi kesho tukitoka huko tupitie dukani. Nyumba hii ina jembe moja tu."

Hakulia wala hakunipiga. Asubuhi alivaa kitenge chake cha Pasaka, na hilo lilinichoma kuliko ambavyo fimbo ingenichoma.

Kamati ilikuwa Mkuu, mwalimu wa nidhamu, na yeye. Mama alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Barua niliiona juu ya meza, imeshapigwa muhuri.

"Mwalimu," alisema Mkuu, "ulimhoji. Amekiri?"

Akatoa kijitabu cha kijani. Nikahisi kile kicheko kinapanda kama chafya ya mbuzi. Nikauma midomo. Hakikusikia.

"Kabla ya hapo," alisema Mwalimu, "mtazameni mdomo wake."

Wote wakanitazama. Mama pia.

"Mnaona kicheko. Mimi jana humu ofisini nilimpima, moyo ulipiga mara mia moja na kumi na nane kwa dakika. Anayedharau watu hapigi hivyo. Huyu akiogopa, mwili wake unachukua njia ya kicheko. Wengine wanalia, wengine wanapigana, wengine wanakojoa. Mnamwadhibu kwa njia aliyopita, hamjamuuliza anakimbia nini."

"Nimeuliza amekiri?"

"Amekiri bati." Akafunga kijitabu. "Hadubini niliiangusha mimi."

"Kwa sababu yake!"

"Ungekuwa wewe, Mkuu, ungesema nani huyo, ukaendelea na kazi. Mimi ngurumo ikipiga naenda chini. Siwezi kuuzuia mwili. Miaka yote hii siendi kuhesabu mabeseni."

Mwalimu wa nidhamu alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani. Mkuu alitazama dari. Mama peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa, kama mtu anayempisha mkubwa njiani.

Nilibaki. Mwezi mzima wa matuta, na lile bati nikaliezeka mwenyewe juu ya choo cha wavulana. Barua haikuchanwa, ilirudi kwenye droo. Mkuu si mtu wa kuchana.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Siku ile ile darasa lilitaka hadithi, na mimi nikipewa hadhira sina breki. Nikawapa. Nikaingia chini ya dawati, mikono kichwani, nikatetemeka. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Nikampa na jina: Chini ya Meza. Kufikia Ijumaa kidato cha kwanza walikuwa wanalitumia, na hawajui hata limetoka wapi.

Nilijitetea moyoni. Nilijiambia, kwani alinitetea bure? Mtu wa mpango mrefu. Labda anataka nimwonee huruma, anisahaulishe kijitabu. Ukishazoea kumshuku mtu, hata wema wake unaugeuza upande wa pili kutafuta bei.

Mvua iliyofuata hakwenda stoo. Alijua tunamtazama. Alishika chaki, akaandika ubaoni, herufi zikiteremka kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Ngurumo ikapiga. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Meza hiyo, Mwalimu." Darasa likacheka. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kicheko hakikuja. Yeye alisubiri, jasho likimdondoka kidevuni, akamaliza sentensi, akaweka nukta. Shule ilipofunguliwa Januari tukaambiwa amehamia Muze.

Mimi sasa niko kidato cha tano. Desemba iliyopita Mama alinituma Muze kwa mjomba nikalete mchele. Unateremka kutoka kwetu kwenye baridi na sweta, unafika chini bondeni sweta limekuwa mzigo. Mjomba akaniambia nikamsubirie mpunga wake mashineni. Kwenye veranda ya mashine, juu ya gunia, mgongo ukutani na macho barabarani, alikuwa amekaa Mwalimu wa Baiolojia.

Nilifikiria kurudi nyuma. Lakini alikuwa ameshaniona, kwa sababu yeye huona kila anayekuja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe si yule wa mbuzi?" Mkono wake ukaja. Mshipa. Saa ilikuwa na mkanda mpya. "Umekimbia?"

"Nimetembea, Mwalimu."

"Basi una jambo."

Watu wa mashineni walikuwa na kelele zao. Nikaona nikisubiri mpaka mpunga wa mjomba uishe nitakuwa nimelimeza tena.

"Lile jina, Mwalimu. La meza. Nililianzisha mimi."

"Najua. Lilikuwa na mkono wako."

"Uliliandika?"

Akanitazama, kisha akafanya jambo ambalo Masanja mpaka leo hakubali kuwa lilitokea. Alitoa kijitabu cha kijani, akanipa.

Hakukuwa na makosa mle. Hakuna betri, hakuna mbuzi, hakuna bati. Herufi za mwanzo za jina, tarehe, na namba mbili mbili, ya kushoto na ya kulia. Nikaitafuta siku ya ofisini. Kushoto 118. Kulia 131. Mstari wa chini yake, baada ya tuta la nne: 84, na 96.

"Ya kulia ni ya nani?"

"Yangu."

Nikakumbuka mikono iliyokunjwa, kidole ndani ya mkono wa shati. Nikapitisha kurasa. Ya kulia ilikuwa kubwa karibu kila mstari, miaka yote, kuliko ya watoto aliowakuta na makosa.

"Tulidhani unaandika maovu yetu."

"Maovu yenu nilikuwa nayasikia hadi nyumbani, ya nini kuyaandika? Mtu hawezi kujishika mwenyewe akajua kama ametulia. Nilihitaji wa kulinganisha naye."

"Kwa hiyo ulikuwa unatutumia."

"Ndiyo." Hakupepesa. "Matuta yaliwafaa ninyi, na mimi nilikuwa napima kama yatanifaa. Uliponishuku hukukosea sana."

Nilikuwa sijawahi kuona mtu anakubali tuhuma kirahisi namna ile. Kidogo nimwombe akane.

"Na mvua?" nikauliza.

"Kuna darasa moja, shule nyingine, kabla yenu. Ngurumo zilipoanza niliwaambia watoto wakae, wasikimbie. Radi ikashukia paa lile lile." Mashine ya mpunga ikasema kwa niaba yake kwa muda.

Wingu lilikuwa limetoka upande wa ziwa Rukwa tukiwa tunaongea, jeusi, halina haraka. Nililiona kabla yake kwa sababu yeye alikuwa anaitazama barabara. Ngurumo ya kwanza ilikuwa ya mbali. Vidole vyake vikakamata gunia. Nikageuza kichwa kutafuta stoo. Hapakuwa na stoo. Palikuwa na veranda, na wanawake wanne na mabeseni yao, na mimi.

Ya pili ikapasuka juu yetu. Magoti yake yakaanza kukunjika. Nikamkamata mkono, chini ya kidole gumba, nikaitazama saa yake mwenyewe.

"Karibu," nikamsikia anaiambia ngurumo kati ya meno, kama mtu anayemkaribisha mgeni asiyempenda. "Karibu, karibu."

Wanawake walikuwa wanatutazama. Nikasogea, nikakaa mbele yake ili wauone mgongo wangu badala ya uso wake.

"Nichekeshe," alisema. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Nilikuwa nacho kimoja, kizuri sana, kuhusu Masanja na shangazi yake. Kilikuwa mdomoni.

"Namba ishuke kwanza, Mwalimu."

Nikahesabu. Mara ya kwanza nilipotelewa na hesabu, nikaanza upya. Mvua ikaja, ikafunika kila kelele. Nilipomaliza nikachukua penseli yake, nikaandika upande wa kulia, 124.

"Na yako," akasema. Meno yalikuwa bado yanagongana. "Mstari haukai na namba moja."

Nikajishika. Moyo wangu ulikuwa unakimbia kama mwizi wa kuku. Nikahesabu kidogo, nikaona haya, nikaandika upande wa kushoto, 70.

Akakivuta kijitabu. Akaisoma ile namba. Bega lake likatikisika, nikadhani inaanza tena, nikamshika. Haikuwa hiyo. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa anacheka, kicheko kikavu, kibovu, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi.

"Mwongo wewe," alisema, akanyoosha mkono. "Lete hapa nihesabu mwenyewe."